Koti la Nathanaeli

Kitu alichotwaa mtani siku ya maziko hakidaiwi kwa hasira, hakifuatwi na mjumbe, wala hakirudishwi bure. Mfiwa mwenyewe huenda, huuliza bei, na bei ile, iwe ya haki au ya mzaha, huilipa bila kunung'unika. Kutoka Masasi hadi Newala hakuna aliyepata kukaa msibani asiyelijua jambo hilo. Dorika alilijua tangu utotoni. Lakini tangu Nathanaeli, mchumba wake, alipozikwa kwao Chiwata, mwanzo wa kiangazi, alijifanya amelisahau.

Alasiri ya Jumamosi alikuwa peke yake katika karakana ya chuo, Masasi, mbele ya mashine ya kubangulia korosho ambayo yeye na Nathanaeli waliiunda kwa vyuma vya baiskeli na mbao za mninga. Ilikuwa mashine ndogo, ya kukanyaga kwa mguu. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa kisu. Pale kisu kilipopaswa kukaa palikuwa na nafasi wazi, nyembamba, na Dorika alikuwa amezoea kuitazama nafasi ile kama mtu atazamavyo kiti cha aliyetoka kidogo akasema anarudi.

Kanyagio likalia. Hakuwa ameligusa.

"Dori, umekula?"

Aligeuka upesi. Upepo uliokuwa ukishuka kutoka majabalini ulisukuma mlango, ukauachia. Hapakuwa na mtu. Sauti ilikuwa ile ile iliyomfuata miezi yote, sauti ya Nathanaeli, nyepesi, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni; na maneno yalikuwa yale yale. Dorika, ambaye hakumwambia mtu yeyote siri hii, alijibu kwa kunong'ona kama alivyozoea kujibu: "Bado."

Mlango ulipofunguka tena aliingia Dokta Ida, mlezi wa wabunifu wa chuo. Mama huyu ndiye aliyeigeuza karakana iliyokuwa ghala la madawati mabovu kuwa mahali pa wanafunzi kujaribu mambo yao. Alipita darasa kwa darasa, kwa wanaosomea uuguzi, ualimu, kilimo na uhasibu, akiuliza swali moja tu: nyumbani kwenu kuna kazi gani inayomuumiza mtu? Aliyekuwa na jibu alipewa meza, vifaa na muda. Ndiyo maana siku hizi ndani ya eneo la chuo ulimkuta binti wa ualimu akiuza sabuni aliyoitengeneza mwenyewe, na kijana wa kilimo akilinda sanduku la kutotolea vifaranga kama mama alindavyo kitanda cha mgonjwa.

"Wakaguzi wanakuja Jumatano," alisema Dokta Ida. "Wewe unajua ninachotaka kukwambia."

"Najua, Mama."

"Chumba cha karakana tutampa mwenye kifaa kinachofanya kazi mbele ya macho yao. Nimekuvumilia kwa sababu ya msiba. Siwezi kuwaomba wakaguzi wakague kumbukumbu. Mashine isipobangua Jumatano, itafunguliwa, vyuma vitapewa wengine."

Dorika alisema kwamba alikwisha kujaribu visu vya mafundi mbalimbali, na vyote vilisaga kokwa. Nathanaeli aliuchonga mkunjo wa kisu chake kwa tupa, akiufuatisha mshono wa ganda, na mchoro hakuuacha popote. Kila alipoulizwa alijibu kwamba mchoro umo mkononi.

"Na kisu chenyewe kiko wapi?"

Dorika alitazama sakafu. "Kiko Newala. Kwa mtani."

 Dokta Ida naye alikuwa mtu wa huku huku. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

*

Nathanaeli alipoulizwa lile swali la kazi inayomuumiza mtu, hakufikiri hata kidogo. Alijibu kwamba kila Jumapili, anapopiga magoti altareni kupokea sakramenti, huona mama mmoja akikunja viganja vyake kwa haya kabla ya kuvifungua mbele ya padre. Viganja vile vilikuwa vyeusi, vimebabuka, vimeliwa na mafuta ya ganda la korosho. Mama yule alikuwa Selestina, mamaye Dorika, aliyeisomesha familia kwa kubangua. Hivyo ndivyo Nathanaeli alivyoingia katika maisha ya Dorika: kwa kuiona mikono ya mama yake kabla hajaona uso wa binti. Wazee walikutana, pete ikabarikiwa.

Wa tatu wao alikuwa Awadhi, kijana wa Newala aliyesomea kilimo, ambaye ukoo wake na ukoo wa Nathanaeli ni watani tangu mababu. Hao wawili hawakuweza kuonana bila kuzikana. "Ukifa, koti hilo la karakana ni langu," Awadhi alikuwa akisema. "Lazima uliongeze mikono, maana wewe ni mrefu kama nguzo ya simu," alikuwa akijibu Nathanaeli. "Na ukinivaa uniigize vizuri, usije ukaniaibisha mbele ya wakwe." Dorika alicheka nao, na alipocheka aliona jinsi Awadhi alivyoangalia kwingine. Siku pete ilipobarikiwa, Awadhi aliwapongeza kwa mikono miwili, kisha akaacha kuja karakana.

Homa ilimpanda Nathanaeli akiwa likizoni Chiwata, ikamchukua kabla watu hawajajua kwamba ni mgonjwa.

Siku ya maziko, watani walifanya kazi yao. Awadhi alitoka chumbani mwa marehemu amevaa lile koti, mikono imemfika chini kidogo ya viwiko, anatembea kwa bega la kushoto limeinuliwa kama alivyotembea Nathanaeli, anakuna kidevu kwa kidole gumba. Waombolezaji walipiga kelele za kicheko na kilio kwa pamoja. Alimkemea padre kwa kuchelewa, akawaomba wachimbaji wamwachie nafasi ya kukunja miguu, yote kwa sauti ya Nathanaeli. Kisha akafika mkekani alipoketi Dorika, akainama, akasema kwa sauti ile: "Dori, umekula?"

Watu walicheka. Dorika hakucheka. Aliinuka, akamfuata. Alimfuata mbele ya ukoo mzima akiwa amenyoosha mkono kama kipofu, hadi mama yake alipomshika nguo na kumrudisha. Nalo koti likaenda Newala pamoja na kilichokuwa mfukoni mwake. Maana Nathanaeli alikuwa amekibeba kisu nyumbani ili akinoe.

Tangu hapo wangeweza kukikomboa siku yoyote. Ukoo wa marehemu ulimwambia Dorika kwamba kisu kile ni cha kazi yake, basi aende yeye. Hakwenda. Alijua kwamba mtani asiyekombolewa hubaki na marehemu mwilini. Na hapo ndipo palipokuwa na dhambi yake: alitaka abaki. Alitaka pawepo mahali fulani duniani, hata kama ni kileleni kwa Wamakonde, ambako sauti ile bado ina koo la kutokea.

*

Jumapili baada ya ibada alimwambia baba yake kwamba anakwenda Newala. Mwalimu Charles, aliyefundisha miaka mingi na ambaye hata sasa husoma somo la kwanza kanisani, alivua miwani.

"Mtu akifa tunamwombea," alisema. "Hatembei na koti. Hayo niliyafundishwa nikiwa mdogo, nami nimeyafundisha. Kama kijana huyo ana mali ya wenzake, chuo kina utaratibu wake."

"Chuo hakiwezi kumdai mtani, Baba."

"Basi waende wazee wa Chiwata. Wewe huendi. Watu watasema binti wa Mwalimu Charles hakungoja udongo ukauke, amekwisha kumfuata mwingine. Na mwingine mwenyewe si wa altare yetu. Unadhani sikukuona siku ile? Kila mtu aliona. Ulimfuata."

"Sikumfuata yeye."

"Ulimfuata nani?"

 Ndipo mama yake, aliyekuwa akipepeta mchele, alipoweka ungo chini, akaja, akaifungua mikono yake miwili mbele ya mumewe kama afanyavyo altareni. Mwalimu Charles aliitazama. Akavaa miwani yake, akaingia ndani. Hakusema ndiyo, lakini mlango hakuufunga.

Gari lilimfikisha Newala jua likiwa limeinama. Mamaye Awadhi, Bi Pili, alikuwa akianua nguo.

"Shikamoo, Mama Awadhi."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama kwa muda mrefu bila ukali. "Umechelewa. Ulinichukulia mtoto mzima, umeniachia nusu."

Alimweleza yote wakiwa bado wamesimama. Kwamba mwanawe aliacha chuo kwa sababu kila alipofungua kinywa wenzake walisogea kando. Kwamba koti limetundikwa msumarini, na limefuliwa mara nyingi, lakini bado linanuka grisi ya mashine. Kwamba yeye mwenyewe, aliyemzaa, akimsikia akiongea uani hudhani kuna mgeni, na hutoka kumkaribisha.

Awadhi alitokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amekonda. Macho yao yalikutana, yakaachana, yakakutana tena.

"Karibu, Dorika," alisema.

Ilikuwa ni sauti ya Nathanaeli, pamoja na mkwaruzo wake mwishoni.  Kope za Dorika zilishuka zenyewe.

"Usifumbe macho," alisema Awadhi taratibu. "Nikisema, wote hufumba macho ili wasinione mimi. Wewe nilitumaini hutafumba."

Aliyafungua kwa haya. Akauliza, kama desturi itakavyo, bei ya kitu alichotwaa mtani.

"Ndoo moja ya maji ya bondeni. Ya kubebwa kichwani na mfiwa mwenyewe."

"Bomba lipo hapo nyuma," alisema Bi Pili.

"Maji ya bomba hayana jasho ndani yake, Mama."

*

Walishuka alfajiri, ukungu ukiwa umejaa bondeni hadi ukingoni mwa Shimo la Mungu, lile korongo kuu la Newala, kama maziwa kwenye bakuli. Njia ile ya zamani, ambayo bibi zetu waliikanyaga kila siku iendayo kwa Mungu kabla ya mabomba, sasa hutumiwa na wachache siku ambazo mabomba hukauka. Awadhi alitangulia amevaa koti, kwa kuwa kitu kinachokombolewa lazima kiwepo. Dorika alifuata na ndoo tupu.

Ukungu ulimfuta Awadhi, ukaacha koti. Dorika aliona mgongo ule ukishuka mbele yake, bega la kushoto likiwa juu, na akili yake ikakubali kabla hajaizuia: huyu ni yeye. Amekwenda bondeni, na mimi namfuata. Hakuogopa. Aliongeza mwendo. Upande wa kulia mawe yaliporomoka kidogo, yakaanguka mahali ambapo hayakusikika yakifika.

"Natha," aliita.

Koti likasimama. Lakini sauti ya nyayo haikukoma papo hapo. Iliendelea kidogo mbele, ndani ya ukungu, kisha nayo ikanyamaza. Awadhi hakugeuka. Dorika aliona shingo yake ikitetemeka, na akafahamu kwamba naye amesikia.

"Shika mizizi," alisema Awadhi. "Hapa panateleza."

Kisimani hapakuwa na mtu. Maji yalitoka chini ya jabali, madogo, baridi. Awadhi alivua koti ili lisilowe, akaliweka juu ya jiwe kwa uangalifu, akabaki na shati lake. Dorika aliteka kwa kata ya kibuyu hadi ndoo ikajaa. Alipoinua uso alimkuta kijana yule ameketi, amefungua jani la mgomba lenye muhogo wa kuchemsha, anamnyooshea.

"Dori, umekula?"

Kata ilimponyoka.

Maneno yalikuwa yale yale. Sauti haikuwa ile. Ilikuwa nzito zaidi, ya polepole, yenye lafudhi ya Newala. Dorika alilitazama koti juu ya jiwe, akamtazama mtu, na jambo ambalo lilikuwa mbele yake miezi yote likajitokeza kama njia ukungu unapoondoka.

"Nathanaeli hakuwahi kuniuliza kama nimekula," alisema.

Kwa mkono mwingine Awadhi aliokota kata iliyoanguka.

"Akishika tupa alisahau hata kama kuna jua. Aliyekuwa akija karakana na wali uliofunikwa kwa sahani, akatugombeza sisi wawili, ni wewe. Aliyeuliza ni wewe. Siku zote."

"Ni mimi."

"Siku ya maziko ulivaa koti lake, ukachukua sauti yake, na maneno ukaweka yako."

"Nilikuwa na maneno yake ya kukwambia, niliyapanga tangu njiani." Aliteremsha jani. "Nilipokuona umeketi pale, yote yakanipotea. Lilitoka hilo moja. Nimelijutia kila siku, maana tangu nilipolisema, marehemu hataki kunitoka."

Dorika aliketi juu ya ukingo wa kisima. Miezi yote aliyokuwa akijibu "bado" kwa mlango unaogongwa na upepo, alidhani anamjibu marehemu; kumbe aliitwa na mtu aliye hai, naye hakumjua. Machozi yalimjia, nayo hayakuwa yale ya msibani. Alimlilia Nathanaeli kama alivyokuwa: kijana mwema, asiyekumbuka chakula, ambaye hakumwita kutoka popote.

Alipomaliza alinawa uso.

"Mtani akimsemesha marehemu neno ambalo hakulisema, hutozwa nini?"

"Hutozwa analotaka mfiwa," alijibu Awadhi kwa wasiwasi.

"Basi sikiliza. Bei yako nitailipa: mlima ni wangu. Tukifika juu, mtaa ni wako. Utaibeba ndoo kichwani, kwa ngata, mpaka kwa mama yako."

"Dorika, saa hizo wanawake wote wako nje wanafagia."

"Ndiyo."

"Nitachekwa mpaka nizeeke."

"Ndiyo, mtani wangu."

*

Aliupanda mlima na maji kichwani. Shingo ilimuuma, maji yalimwagika kifuani, na jasho, kama ilivyotakiwa, lilidondoka. Nyuma yake zilikuja nyayo za Awadhi, koti likiwa kwapani. Na nyuma ya hizo, ndani ya ukungu, zilikuja nyingine, zenye mguu mmoja unaokanyaga kwa uzito zaidi kuliko mwenzake. Mwenye ndoo kichwani hageuki. Dorika hakugeuka. Walipokaribia ukingo, pale ambapo ukungu unakoma na jua linaanza, alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagana na mwenzake njia panda: "Pumzika sasa, Natha. Kazi nitaimaliza."

Nyayo za mwisho zilibaki chini. Hazikupanda tena.

Juu, alimvika Awadhi ngata, akamtwika. Kijana mrefu yule alisimama amekakamaa kama mtu aliyewekewa yai utosini. Ufagio wa kwanza ulisimama, kisha wa pili.

"Awadhi, umeolewa lini?" aliuliza mama mmoja.

"Mpisheni mwari, anatoka kisimani," alidakia mwingine.

"Nimeolewa leo," alijibu Awadhi, "na sijaona hata kanga moja ya mahari."

Mtaa mzima uliangua kicheko. Awadhi alitaka kuinama kwa heshima kama bibi harusi, ndoo ikapinda, maji baridi yakamwingia shingoni, akaruka kama kuku. Kitu kilimkwama Dorika kooni. Alidhani ni kikohozi. Kilipotoka, kilikuwa kicheko, kibovu, chenye kutu, na kilimshinda nguvu hata ikambidi ajishike kwenye ua wa watu. Awadhi alisimama akamtazama akicheka, maji yakimtiririka usoni, na safari hii hakuangalia kwingine.

Bi Pili alikuwa mlangoni. Alikuwa amemsikia mwanawe akiwajibu wale wanawake, na hakuwa ametoka kumkaribisha mgeni. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

Maji yaliyosalia yalimiminwa juu ya kichwa cha Awadhi na juu ya mikono ya Dorika. Koti likakabidhiwa. Dorika alitia mkono mfukoni, akatoa kitambaa, ndani yake kisu. Nacho hakikuwa na kutu hata chembe, kwa kuwa aliyekishika alikipaka mafuta miezi yote ile. Mkunjo ulikuwa ule ule.

"Imekwisha," alitamka Bi Pili. "Mfiwa hadaiwi. Mtani hadaiwi."

Dorika alikifunga kisu. Akasema kwamba wakaguzi wanakuja Jumatano, na kwamba mashine sasa ina kisu, lakini haina mtu wa kuikanyaga wakati yeye akieleza. Akasema pia kwamba baba yake atakuwa amesimama mlangoni, na uso wake hautakuwa mwepesi.

"Nitamwamkia," alisema Awadhi. "Akinifukuza, nitamwamkia tena kesho yake."

"Awadhi."

Lilikuwa jina lake mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kinywani mwa Dorika tangu maziko.

"Naam," akaitika.

Sauti ilikuwa nzito, ya polepole, ya Newala. Dorika aliisikiliza mpaka ikaisha, na hakufumba macho.